Hakuna Kitu Katikati

Mwaka wa kwanza nilichapisha vipeperushi elfu mbili,
karatasi nzito, picha ya samaki anayelia.
Nilipanda vilima vya Porirua, upepo ukinivua kofia,
nikatia kimoja katika kila sanduku la barua.
Mvua ya Julai ikanyesha usiku kucha.
Asubuhi nikaitwa kuzibua mtaro.
Nikainua wavu wa chuma, nikazamisha mkono:
majani, kopo la bia,
na samaki wangu wanaolia,
wamelowa, wameshikana kama mkate uliodondokea chai.

Sikumwambia mtu.

Mwaka wa pili nilihutubia.
Ukumbi wa kanisa, viti arobaini, watu saba,
na watatu kati yao walifuata biskuti.
Nilisema "uchafuzi". Nilisema "mfumo". Nilisema "wadau".
Mzee Dalgleish akainua mkono, kwa adabu kabisa:
"Kijana, maji yakiingia mle tunduni
si yanakwenda mtamboni, yakasafishwa?"
Nikamjibu kwa mchoro.
Mchoro ulikuwa na mishale kumi na mmoja.
Jumamosi akaosha gari lake la rangi ya krimu kama kawaida,
povu likateremka ukingoni mwa barabara likimeremeta,
likapiga hodi, likapokelewa.

Aliyenitoa ujinga ni Losivale,
Losivale Tuimavave, mfagiaji wa shule ya msingi,
ajuaye kila kinachoanguka na kinakoishia.
Aliniuliza ameegemea ufagio:
"Wewe umewahi kuyafuata?"
Kuyafuata nini?
"Maji."

Tukachemsha bitiruti katika sufuria ya kanisa,
tukapata ndoo mbili za wekundu usiokanushika.
Darasa la tano likajipanga juu ya kilima.
Mihi, mwepesi kuliko wote, alifunga kamba za viatu mara mbili.
Losivale ndoo. Mimi saa.
Mzee Dalgleish akatoka getini, kitambaa cha gari mkononi,
kwa udadisi tu.

Ndoo ikainama. Wavu ukameza bila kutafuna.

Mihi akachomoka!
Akapita duka la samaki na chipsi, akapita kituo cha basi,
akamruka mbwa wa akina Fepuleai,
akashuka ngazi za shule tatu tatu,
na sisi nyuma, tukihema, mzee naye,
kitambaa kimemdondoka njiani hana habari.

Maji yalikuwa yameshafika.

Bomba limeachama chini ya matete,
na wekundu unatanuka polepole juu ya mawe,
juu ya mkunga mmoja mnene, mkongwe,
ambaye hakukimbia. Aligeuza kichwa tu,
kama mtu aliyezoea kumwagiwa.

"Yamenishinda," alisema Mihi.

Mzee Dalgleish akalikagua bomba juu na chini.
Alitafuta mlango, chujio,
mtu mwenye koti na funguo.
"Hakuna kitu katikati?"
"Hakuna," nikasema. Neno moja,
bila mshale.
"Miaka thelathini na minne," akasema,
na hakuwa akisema na mimi.

Sitadanganya: mtaa haukuongoka siku ile.
Mpaka rangi wa namba kumi na tisa
angali anasuuza brashi zake gizani,
na kuna asubuhi kijito huamka na rangi ya maziwa.
Watoto wamechora samaki wa buluu kando ya kila tundu.
Mkunga wa Mihi ana masikio; hatukumkataza.

Na Jumamosi gari la krimu lilipanda nyasi,
magurudumu yote manne juu ya bustani
ambayo mzee haruhusu hata paka kuikanyaga.
Povu likanywewa na udongo.
Akanipungia sifongo. Sikusimama kumpongeza.
Nilikuwa na ndoo mkononi, nzito, inachuruzika,
na mtaa wa pili walikuwa wananingoja.