Hewa Isiyohesabiwa

Kitendawili: nimesimama, nakimbia.
Hukuwa na haja ya kunitega, Nyemo.
Nilikusikia tangu kona ya Kizota,
vumbi lako halijafika.
Gari umeliegesha, mguu mmoja uko chini kwenye mchanga,
na mshale umeng'ang'ania elfu mbili
kama mbuzi aliyekataa kuvuka barabara.

"Mbukwa," ukasema, na hukungoja jibu.
"Kwenye taa za mjini vijana wa bodaboda wananikonyeza,
wanadhani nataka mashindano.
Mimi natoka zamu ya usiku Mvumi.
Nataka kulala tu."

Kisha ukanikunjulia risiti:
plagi nne mpya,
sensa, na sensa ya kuisaidia sensa,
throtoli imesafishwa mara mbili.
Wa Majengo alikaza skrubu isiyomhusu.
Wa Chang'ombe alisema ni kompyuta, uza.
Kila fundi amelitibu gari
kwa ugonjwa anaoujua yeye.

Sikugusa spana.
Nilimwambia Chilewa azime redio,
na chini ya ngurumo tukakisikia kitu:
sss,
mtu anakunywa chai ya moto mahali tusipomwona.

Sikia, injini hii ina karani mlangoni.
Kila hewa ipitayo anaiandika,
anaipimia petroli yake.
Hewa ikipenya kwa dirisha la uani
karani hana habari,
mizunguko inapanda,
na kompyuta inahangaika kufunga mlango
uliokwisha kufungwa.

Na gari la tabo lina ndumilakuwili wake:
ukikanyaga mafuta, kitundu kinapuliza nje;
ukiachia, kinanyonya ndani.
Ndiyo maana mlimani linakosa nguvu
na hapa linakosa usingizi.
Kitundu kile kile.

Tukazima. Tukaziba mdomo wa bomba
kwa kifuniko cha kopo la rangi,
tukalipampu gari lako kama baiskeli,
Chilewa akipaka maji ya sabuni kila kiungo.
Hapa kimya. Hapa kimya.
Kwenye klipu ya bomba kubwa, povu!
Nikaikaza, nikapangusa mikono
kama mtu anayejua kazi.
Ukawasha.
Elfu moja na mia saba.

Niliona aibu, sitaficha.
Wewe hukusema neno,
na hilo ndilo lililoniuma.

Nikarudi kwa mkono, macho nikayaacha.
Nyuma ya manifoldi, chini,
pale penye joto na mchanga wa upepo wa Julai,
kidole kikakuta kimpira chembamba
kimepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Nikakiminya.
Injini ikashuka
kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nikaachia: ikapanda.
Nikaminya: ikashuka.
Chilewa akacheka, akaomba naye ajaribu.

Kimpira ni shilingi elfu tatu.
Klipu mbili nilikuwa nazo mfukoni,
zimekaa na funguo za nyumbani tangu Pasaka.
Mshale ukaja mia saba na hamsini, ukakaa.
Nikaifuta boneti kwa kitambaa,
kazi ambayo haikuombwa,
nikaja dirishani kukwambia.

Umelala.
Mkono mmoja kwenye usukani,
kitambulisho cha hospitali kimegeuka shingoni,
na gari chini yako linapumua polepole,
kila pumzi imeandikwa.

Petroli ni yako, najua ungenilaumu.
Nilimzuia Chilewa asigonge bodi ya Hiace,
nikakuacha dakika kumi.
Labda kumi na tano.

Bili nimeiandika nyuma ya risiti
ya yule wa Chang'ombe.