Kilo Ishirini na Tatu

Mizani hii niliinunua mnadani, Embakasi,
elfu nne na mia tano pamoja na mikwaruzo yake,
na kibandiko cha korongo mwekundu
aliyebanduka mguu mmoja.
Siku hizi inapima vitunguu pale Marikiti.
Ikipita ishirini na tatu, hulia.
Wateja hushtuka: Mama, kwani kuna nini?
Nawaambia, imezoea.

Tulianza na ndege moja ya kukodi,
kizee cha miaka kumi na tisa.
Chini ya rangi yetu, ukisimama upande wa jua,
ulisoma jina la shirika jingine lililokwisha kufa.
Kapteni Wasonga alitukusanya kwenye hanga,
akapanda juu ya kreti ya soda:
"Ndege iliyolala inakula. Inayoruka inalisha."
Basi haikulala.
Guangzhou usiku. Mumbai alfajiri.
Manchester Jumanne na Ijumaa.
Dakika tisini tu uwanjani: fagia, jaza mafuta,
ipandishe tena kabla viti havijapoa.

Nauli ilikuwa ya kutupa. Vingine vyote vilikuwa na bei.
Maji, bei. Blanketi, bei.
Kuketi karibu na mkeo, bei.
Abiria mmoja akauliza kama kuvuta pumzi ni bure;
Meneja Kibathi alicheka,
kisha nikamwona anaandika kitu kwenye daftari.

Mimi nilikuwa kaunta ya saba, mimi na mizani.
Ifrah wa Eastleigh alikwenda China na begi tupu
ndani ya begi tupu ndani ya begi tupu,
nikilimenya hadi kiini, pasipoti na dola.
Huyo hakuwa na shida nami. Shida yake ilikuwa kurudi.

Shida yangu ilikuwa Nyaboke, muuguzi,
mkataba wa miaka mitatu mkononi, mara yake ya kwanza kuruka.
Ishirini na tano. Mizani ikalia.
Akapiga magoti, akafungua begi mbele ya foleni nzima,
akatoa unga wa wimbi, akautazama, akaurudisha.
Akatoa viatu vipya, bado vina karatasi ndani.
"Viatu nitapata huko," akasema.
"Wimbi nani atanisagia?"
Bado ishirini na nne.
Nikasogea, kama mtu anayetafuta kalamu,
nikaliinua begi kidogo kwa goti.
Ishirini na tatu kamili. Safari njema.

Baada ya hapo goti likawa na mazoea yake.
Kilo moja ya huyu. Mbili za yule mzee wa omena.

Halafu mafuta yakapanda, shilingi ikashuka,
mshahara ukaanza kuja nusu, kisha ahadi.
Usiku nilikuwa nikipiga hesabu kitandani:
abiria mia mbili themanini, kilo za goti langu,
mara safari, mara miezi ishirini na sita.
Kibathi aliniambia baadaye deni lilikuwa la mamilioni ya dola,
goti lako, dada, hata halionekani.
Sikumwambia kwamba sikumwamini.

Alhamisi moja wenye ndege walikuja na karatasi.
Abiria walikuwa wamelala juu ya mizigo yao kaunta zote,
mtoto mmoja ameketi kwenye mizani yangu,
kilo kumi na nne, anakula mkate.
Tukaiona kupitia kioo ikiondoka,
bila mtu, bila begi, bila wimbi,
ikaacha lami mapema mno,
nyepesi kuliko siku zote tulizoijua.
Wanasema iko jangwani huko, inauzwa vipuri.

Viatu vya Nyaboke ninavyo. Namba thelathini na nane.
Havinitoshi, na sijawahi kuvitoa karatasi.

Leo asubuhi mama mmoja ameleta gunia,
pesa amezihesabu mara mbili kwenye kiganja.
Mizani imefika ishirini na nne, ikalia.
Nimeinama kutafuta kalamu.