Kiporo cha Jua

Qaanaaq, Desemba, saa sita mchana, giza.
Arnannguaq ametoboa barafu, nusu mita na shubiri,
akateka chupa nne.
Ujaraq, kaka mtu, anamcheka:
“Nuuk hakuna maji, mpaka uje kuchota haya matupu?”

Matupu!
Ameyachuja mara mbili, hata vumbi halikupita,
na bado mbele ya taa yana kivuli cha chai:
jasho la mwani wa Julai, mkojo wa sili,
mboji iliyoponyoka ardhini gando lilipoyeyuka.
Kiporo.
Jua liliondoka Oktoba bila kuosha sufuria,
na vijidudu visivyo na jino wala mdomo
vinakomba huko chini, polepole,
baridi haivishiki mkono.

Kuna tonge moja vimelishindwa.
Linazunguka vilindini
tangu kijiji hiki hakijapewa jina.

Ujaraq anainama, anasuuza kisu
kwenye tundu lile lile.
Damu ya sili inakuwa waridi,
inakuwa maji.
“Usisuuzie hapo, wewe!”
Amechelewa.
Huko chini wameshaambiana karibu.