Kopo la Majanji

Simu inasema: mita arubaini na moja.
Sanya ananitangulia, miaka kumi na miwili,
kamba ya kiatu kimoja inaburuta mchanga,
anasoma namba kwa sauti kama dalali mnadani:
kaskazini sifuri, nukta mbili nne,
mashariki thelathini na tatu, nukta tisa na ushei.
Mchezo wenyewe ni huu: mtu usiyemjua
ameficha kopo mahali, akainong'oneza setelaiti;
wewe ulitafute, uandike jina na tarehe,
ulirudishe palepale, usionekane.

Usionekane. Hapo nilicheka peke yangu.

Maana njia hii inayoliambaa ziwa
kutoka Majanji kuelekea mpakani
ilizaliwa ili watu wasionekane.
Magendo: lisikilize neno, lina mwendo ndani yake.
Mwaka wa sabini na sita kahawa ilikuwa na bei ng'ambo,
huku ilikuwa na karatasi ya ahadi.
Baba alibeba gunia la kilo sitini,
amelivisha fulana zake mbili lisichakarishe,
akihesabu mawe kwa nyayo:
jiwe baridi, jiwe la mavi ya mnandi, jiwe lenye ufa,
hapo geuka, hapo maji yanafika kiunoni, hapo mtumbwi.
Hakuwa na nukta wala digrii.
Alikuwa na kisigino.

Mita kumi na nane. Mita tisa. Mita kumi na nne.
Mshale unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Wanawake wanaanika mukene juu ya nyavu kuukuu
na sisi tunajifanya tunatazama ndege.

"Kopo lenu?" anasema mmoja bila kuinua kichwa.
"Liko kwenye jiwe lenye ufa.
Watoto hulifanya mpira. Mimi hulirudisha."

Jiwe lenye ufa.
Nimesimama. Sanya keshaingiza mkono hadi begani.

Kopo la siagi, limekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
Ndani: kifungo, sarafu ya nchi ya baridi,
kigari kisicho na magurudumu,
daftari lililovimba unyevu.
Ilse na Joost, mwezi wa Juni.
Watu sita kutoka Kampala: *mahali pazuri mno!*
Kisha ukurasa mzima, mwandiko mzito, wa kuchimba:
*Mangeni debe mbili hajalipa.*
*Ajiambo debe moja, nusu bado.*
*Wabwire debe tatu, amehama.*

"Karatasi ilikuwa imekaa bure," anasema Mama Taaka.
"Penseli pia nimeichukua. Mtaleta nyingine."

Sheria ya mchezo: ukitoa kitu,
weka kitu chenye thamani ileile, au zaidi.
Usiku mmoja boti ya doria iliwasha taa.
Ziwa likachukua gunia, likachukua mtumbwi,
likamchukua Egesa, mdogo wake baba,
aliyejua kuogelea kuliko yeye.
Halikuweka kitu mahali pake.
Na watu wa magendo hawatii saini.
Nyumbani baba alisema tu, "Egesa amesafiri,"
akaendelea kusema hivyo
hata meno yalipomwisha.

Sanya ameandika jina lake kwa herufi kubwa,
kalamu ikakauka kwenye herufi ya mwisho.
Mama Taaka akaichomoa penseli kwenye nywele,
akanipa kama anayemkopesha mtu asiyeaminika.

Nikaandika: *Egesa. Tarehe haijulikani. Alipita hapa.*

Akainamia daftari, mikono inang'aa magamba.
"Huyu naye anadaiwa?"

"Huyu anadai."

Alinitazama muda wa kutosha.
Kisha akachukua penseli yake,
akaenda kugeuza mukene
upande wa pili.