Mashati Mia Mbili

Walinikuta Gikomba, cherehani ikinguruma,
wakanihesabia mashati mia mbili mapya, pini bado zi kolani,
wakasema: Mama, yararue.
Tunatengeneza sinema ya vita.

Vita gani? nikauliza, mkasi mkononi.
Vya Afrika, akajibu kijana mwenye kofia.
Nchi gani?
Akafungua daftari, akapekua, akalifunga.
Mwaka gani? Mwaka wa vumbi, akasema,
akacheka peke yake.

Basi nikararua. Kazi ni kazi, na karo ya mjukuu haingoji.
Niliyachovya katika chai ya rangi,
nikayasugua kwa jiwe, nikayakanyaga uani
hadi yakafanana na watu waliokimbia bila kufunga mlango.
Thelathini ya mwisho yalikuwa ya maiti.
Hayo, akasema, yatie matundu ya risasi.

Nikapasha msumari moto jikoni,
nikatoboa moja, mgongoni, chini kidogo ya bega.
Akalinyanyua juani.
Tundu dogo mno, Mama. Kamera haitaliona.
Na risasi huingia kifuani.

Sikumjibu.
Jumapili ile ya Agosti, themanini na mbili,
redio ikipindua serikali asubuhi na kuirudisha mchana,
Ambetsa kaka yangu alitoka Ngara kutafuta maziwa ya mtoto.
Shati lake nililifua mimi.
Damu ilipotoka nikaona kitundu,
nikadhani ni cha kifungo, fundi mlevi kakosea mahali.
Nikakitafuta hicho kifungo sakafuni.
Nilikitafuta, jamani, kwa kurunzi.

Nikapanua tundu.
Nikatoboa vifua thelathini, kila kimoja pakapita ngumi.

Walipiga picha kwenye machimbo ya mawe, Njiru.
Nilikaa kando na sindano, nikiwashonea waliochanika kupita kiasi.
Bunduki zilikuwepo tu, kama uyoga baada ya mvua.
Nikamwita yule kijana: hizi zililetwa na nani?
Yule aliyetia sahihi ofisini, yule aliyelipwa bandarini,
nao nitawashonea suti lini?
Hawamo, akasema. Hawakuandikiwa hata neno moja.

Saa tisa, jua la kuchoma, Kwamboka wa Kariobangi akachoka kukimbia,
akainua mikono mbele ya kamera, akapiga yowe:
Pesa ya chakula iko wapi? Tangu asubuhi chai kavu!
Mwongozaji akaruka kwa furaha.
Hilo hilo, akasema. Hilo hilo.

Mwaka ukapita. Wakatualika ukumbini, mjini, viti vya mahameli.
Ramani ikatokea, haina jina, ina moto.
Kisha Kwamboka, uso mpana kama ukuta wa ghorofa,
na chini yake maandishi meupe ya Kizungu:
Mungu wetu, wanetu wamekosa nini?
Sisi wa nyuma tukaangua kicheko.
Wageni wa mstari wa mbele wakageuka kututazama,
watu gani hawa wanaocheka wafu.
Kwamboka alicheka hadi akashika mbavu,
kisha akanyamaza, akaniinamia gizani:
Lakini ile ya chakula, walitupa kweli?

Mashati yalirudi Gikomba kwa magunia.
Nikayatia viraka, nikayatundika.
Jana mteja akaingiza kidole kwenye moja nililolisahau:
Mbona hili limetoboka?
La sinema, nikamwambia.
Akacheka, akalipa nusu bei, akalivaa papo hapo.

Lile jingine liko sandukuni.
Kila Agosti nalitoa lipate hewa.
Sijalishona. Uzi ninao.
Kifungo ndicho sijakiona.