Upindo

Mamangu, Nyevu wa Tsuma, miaka thelathini na mmoja
alipiga pasi vitambaa vya meza vya hoteli hii
na hakuwahi kuona vinakokwenda.

Aliingilia mlango wa jikoni, penye mapipa.
Chumba cha dobi kilikuwa nyuma,
dirisha lake likitazama jenereta.
Bahari aliijua kwa taulo:
chumvi iliyokaukia pindoni,
mchanga uliobaki chini ya mashine.

Leo tumetoka Mtopanga kwa tuktuk.
Askari wa getini ameinua kizuizi,
akainama, akatabasamu: “Karibuni, wageni wetu.”
Mama akageuka nyuma kutazama
ni wageni gani hao waliotufuata.

Nimelipa usiku mmoja. Bei siisemi.
Akiniuliza, najibu ni mvua,
vyumba vitupu, wanavigawa kama njugu.
Uongo huo nimeunyoosha, hauna kunyanzi.

Ukumbini kuna picha za mwaka arobaini na nane:
wazungu na samaki waliowazidi kimo,
kila mtu na jina lake chini,
hata mbwa ana jina.
Halafu moja, karibu na choo: *Wafanyakazi*. Basi.
Mama ameweka kidole juu ya kioo.
Huyu Mbeyu.
Huyu Karisa wa bustani, kafa na deni langu.
Huyu aliyefumba macho ni mimi.

Mhudumu amevuta kiti.
Mama akasogea kando, ampishe apite nacho.

Mezani, kitambaa kimesimamishwa mfano wa pezi la papa.
Wengine wanakitandaza mapajani.
Yeye amekifungua, akakigeuza,
akautafuta upindo kwa kidole gumba,
akanusa.
“Hawanyunyizi maji siku hizi,” akasema.
Kisha, taratibu: “Na huyu alikunja kwa haraka.
Ana mtoto mgonjwa nyumbani.”

Chakula kimekuja. Kipande cha kolekole
kiasi cha kiganja cha mtoto,
ukwaju umechorwa pembeni kama saini ya daktari.
Mhudumu anaeleza, mikono nyuma:
samaki wa hapa mbele hawavuliwi,
kutoka boya lile hadi boya lile ni hifadhi ya taifa;
huyu ametoka Shimoni, kwa lori, ndani ya barafu.
Mama amemsikiliza hadi mwisho.
“Kwa hivyo wa dirishani wana askari,
na wa sahanini hana hata shangazi.”
Kijana amecheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Tulipomaliza, mama akaanza kupanga sahani,
makombo akiyakusanya kwa ukingo wa kiganja.
“Mama, tafadhali,” kijana akanong’ona, “watanifuta.”
Akaziachia. Mikono yake
haikujua pa kukaa usiku ule wote.

Saa tisa nimeamka. Kitanda chake kimetandikwa,
pembe zimekazwa, mto umepigwapigwa,
kana kwamba hakulaliwa na mtu.
Nimemkuta roshani, kanga mabegani,
maji yamekupwa, mwamba uko wazi,
na mawimbi yanavunjikia mbali, kwenye boya.
“Kumbe iko karibu hivi,” akasema.
Nikadhani ataendelea.
“Ukuta mmoja tu.”

Sikuwa na neno. Nikamletea chai
kwa ile birika ndogo ya chumbani;
akainywa yote, akasema haina tangawizi.

Asubuhi nimerudisha ufunguo.
Mlango mkubwa uko wazi, tuktuk inangurumia nje,
askari keshaushika mkono wa kizuizi.
Mama amekata kushoto, njia ya jikoni,
haulizi mtu, miguu yenyewe inajua
penye ngazi na penye utelezi.

“Mama! Huku!”

“Tangulia, nitakukuta getini.
Kuna mtu huko nyuma
sijamwambia habari ya maji.”