Kama Hutojali

Mwalimu Semboja anafuta ubao kwa kiganja,
dasta iliibiwa Jumatatu.
Chumbageni, jioni, tyubu moja inapepesa,
nasi wanane, watu wazima,
magoti yamebanwa na madawati ya watoto.

"Leo tunaomba," anasema.
"Kiingereza hakiombi wazi, hupitia uani.
Hawasemi: fungua dirisha.
Wanauliza kama ungeweza,
na mkono unao, na dirisha hilo hapo.
Wanauliza kama ungechukia kulifungua,
na aliye radhi hujibu: hapana."

Shebughe, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili,
akainua mkono wenye grisi:
"Hapana, halafu afungue?"
"Hapana, halafu afungue."
Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Kwani sisi je? Bi Mwanamvua wa nyumba ya pili
akitaka chumvi huanza na mguu wa nyanya,
hupitia bei ya nazi,
na mjukuu wa Pongwe aliyefeli,
huaga, huvaa kandambili,
ndipo kizingitini: "Eti, hamna chumvi humo?"
Chumvi imeshafungwa karatasini
tangu kwenye mguu.

Mimi nilinakili yote. Naitaka kazi ya mapokezi Raskazone.
Njiani nilijisemea: ungeweza, ungejali,
nilikuwa najiuliza kama...
Nilikuwa! Kana kwamba haja yenyewe ni ya jana,
imeshapita, usisumbuke.

Nyumbani mama yu kitandani, mwezi wa tatu.
Mama hajui tafadhali. Miaka yote ni:
We Zuena, lete maji.
Hebu nigeuze.
Sogeza taa hiyo, yanichoma macho.
Nikisikia hivyo najua yupo,
najua mimi ni wake.

Usiku ule, saa nane, alikohoa kidogo,
kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.
"Mwanangu, kama hutojali,
kama hujachoka sana,
naomba unigeuze."

Nilisimama na shuka mkononi.
Nani kakufundisha? Uliniombea wapi maziwa
uliponinyonyesha?
Niamuru, mama. Nikaripie hata kidogo.
Nikamgeuza. Alikuwa mwepesi kuliko ombi lake.
"Asante," akasema, na hilo nalo likauma.
Nikamjibu la darasani: "Hapana."
Hakuelewa. Akafumba macho.

Alfajiri, bado nimejikunja mkekani:
"We! Chai ya nchi hii inachemkia wapi, Lushoto?"

Nikainuka mbio,
nikaimwaga nusu.